Mafungu Mawili ya Kuni Darini

Mwanangu Zefania,

Usicheke kwanza. Wewe ndiye uliyenipa cheo hiki. Nilipozaliwa ulinipa jina la mama yako, Nakiete, na tangu siku hiyo hukuniita binti yangu tena, uliniita mama. Nilipoanza kusema ulikuwa ukirudi jioni kutoka shamba unavua kofia mlangoni, unainama kidogo na kusema, "Shikamoo, mama." Nami, na kamasi zangu puani, najibu, "Marahaba, mwanangu. Umekula?" Majirani walikuwa wanakuja makusudi kusikia.

Binti hawezi kumwandikia baba yake haya nitakayoandika. Atakuwa amekosa adabu. Lakini mama anaweza kumwandikia mwanawe. Kwa hiyo leo natumia jina ulilonipa, nalitumia lote, na ukimaliza kusoma utaamua mwenyewe kama nimelivunjia heshima.

Kesho unapanda basi kwenda Korogwe kukata mkonge. Sitakuambia uvae sweta, wala uchemshe maji ya kunywa, wala ukae upande wa basi usio na jua. Hayo mkeo, yaani mama aliyenizaa, atakwambia mara tano kabla hujamaliza chai. Mimi nataka kukuambia nilivyokukosea, mara mbili. Halafu nitakuambia nilichokifanya wiki hii, ambacho sijutii hata kidogo.

Nianze na kosa la kwanza. Ni dogo, lakini ndilo lililozaa la pili.

Unakumbuka siku ya wazazi nilipokuwa kidato cha kwanza. Ulikuja na jiko dogo la udongo umelibeba kichwani kutoka kituo cha basi mpaka getini, limefungwa kwenye gunia. Zawadi ya shule, ulisema, ili wapishi wasilie na moshi. Kucha zako zilikuwa na ule udongo mwekundu wa kwetu Vudee ambao hautoki hata kwa sabuni ya magadi. Rafiki yangu wa bweni, Stella, mtoto wa karani wa mjini, akaniuliza, "Nani yule mwenye gunia?"

Nikasema, "Ni mtu wa kwetu."

Sikudanganya, wewe ni mtu wa kwetu. Halafu nikaingia maktaba, nikafungua kitabu cha fizikia, nikakaa humo mpaka mwalimu wa zamu aliponitafuta. Nilipotoka ulinisalimu mbele ya Stella kwa sauti ileile ya nyumbani, "Shikamoo, mama," nami nikaitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyepaliwa. Mpaka leo sijui kama ulielewa. Ulicheka, ukauliza jikoni ni wapi.

Siku ile niligundua jambo kuhusu mimi mwenyewe. Mimi si mwongo. Mimi hutafuta neno la kweli lililo dogo kuliko yote, nikajificha nyuma yake. Nilidhani ni aibu ya utoto, itaisha nikikua. Haikuisha, ilikuwa inangoja siku ya jaribio.

Kuhusu siku hiyo najua hutaki kusikia. Ulisema, "Yaishe," na kwako neno hilo ni kama kufuli. Lakini mimi leo ni mama yako, na kufuli la mtoto mama hulifungua.

Kabla ya siku hiyo tulikuwa na jambo moja tu la kujivunia, nalo lilikuwa jiko la bibi. Kwetu kufinyanga ni kazi ya wanawake, na mwanamume hasogelei hata shimo la udongo. Lakini bibi Nakiete hakujaliwa binti. Alikuwa na wewe tu. Akakufundisha kwa siri, mkichimba udongo alfajiri kabla wenzake hawajaamka, na wakati watoto wenzako wanachunga mbuzi wewe ulikuwa unakanda. Jiko lake lilikuwa na kuta mbili, katikati majivu makavu, mdomo mwembamba, na chungu kinazama tumboni mwake mpaka mabegani. Uliniambia bibi alikuwa akisema kwamba moto wa mafiga matatu unampikia kila mtu isipokuwa mwenye chungu, unawapikia upepo na ukuta na paa. Yeye alitaka moto usio mkarimu.

Tulipohamishiwa huku chini kwenye kijiji cha ujamaa, jiko hilo likawa si la siri tena. Nyumba zilikuwa nyingi mahali pamoja, na baada ya miezi michache miti ya karibu ikaisha. Wanawake wakawa wanakwenda mbali kutafuta kuni, wanatoka asubuhi wanarudi jua la utosi. Mkeo peke yake alikuwa anakwenda mara moja wakati wenzake wanakwenda mara mbili. Wakaanza kuuliza. Wewe ukaanza kujenga majiko, mchana kweupe, na wanaume wakaanza kukucheka.

"Zefania, ukimaliza kufinyanga utuletee na kanga zako tufue!"

Ulikuwa unajibu, "Nitazileta. Wewe leta maji, maana mkeo yuko porini anatafuta kuni." Wakacheka wao kwa wao. Nilikupenda sana siku zile. Sikukuambia.

Ndipo Bwana Hosea, bwana maendeleo wetu, akatangaza kwamba kijiji kitachagua jiko moja la kujengwa kila nyumba, na mwenye jiko atafundisha vijiji vyote vya tarafa. Majiko yalikuwa mawili, lako na lile la bati lililokatwa kwenye pipa la lami, kazi ya Elia, fundi bati wa Same, ambaye ameolewa na dada yake Bwana Hosea. Hapana, nimekosea, yeye ndiye aliyemwoa. Ona hasira inavyonifanya niandike. Kila mtu alijua kwamba Elia ni shemeji yake. Hakuna aliyesema. Walisema, "Acha wapimwe, mizani haina shemeji."

Nilikuwa likizoni. Bwana Hosea akanichagua kuandika. "Msomi wetu huyu hapa," alisema, "tena ni binti wa mshindani mmoja, ili mtu asije akasema tumependelea." Nikaona fahari. Nilichonga penseli mbili.

Sasa nitaandika yale uliyoyaona na yale usiyoyaona.

Mizani ya ghala ilining'inizwa kwenye mwembe... hapana, kwenye boriti ya baraza la ghala, pale panapotundikwa kipande cha reli kinachogongwa kama kengele. Bwana Hosea alileta mafungu mawili ya kuni. Yote yamebanduliwa maganda, yote meupe, yamekatwa urefu mmoja, yamefungwa kwa kamba ya katani. Mzee Mbonea, mtunza ghala, akayapima mbele ya watu. Kilo kumi, na kilo kumi. Sufuria mbili, mahindi na maharage kipimo kimoja, maji kipimo kimoja. Kuanzia saa mbili mpaka saa tano. Atakayeivisha makande na kubakiza kuni nyingi ndiye mshindi.

Bwana Hosea akasema, "Zefania, wewe ni mkubwa, chagua fungu."

Akakutazama akitabasamu, akangoja. Alikujua. Kila mtu anakujua. Wewe ni mtu ambaye hata maji ya kunawa hunawi kabla ya mgeni. Ukasema, "Huyu kijana ametoka mjini, ametembea na jua. Chagua wewe, shemeji yetu."

Elia hakutazama hata mara moja. Aliinama akachukua fungu la kushoto kama mtu anayechukua kofia yake mwenyewe.

Mimi nilikusaidia kubeba fungu lako la kulia. Hapo, mwanangu, kuna jambo hukuliona. Viganja vyangu vilinata. Nilivinusa. Ulikuwa mkaratusi mbichi, umekatwa labda jana yake, maganda yakabanduliwa ili usijulikane. Fungu la Elia lilikuwa mgunga mkavu, uliolala msimu mzima chini ya paa la mtu. Katika kitabu cha fizikia nilichojifichia siku ya wazazi mlikuwa na maelezo hayohayo kwamba kuni mbichi ni nusu maji, na moto unachemsha kwanza maji yaliyomo ndani ya kuni kabla ya yale ya chungu. Nilikuwa nimeyapigia mstari. Nilijua kabla moto haujawashwa.

Nikafikiri, nitasema. Nikafikiri, nitasema akiuliza. Nikaandika kwenye daftari: uzito sawa.

Watu wanakumbuka jiko lako lilivyotoa moshi. Mimi nakumbuka magoti yako. Ulipiga magoti mavumbini, ukapuliza, na kwenye ncha za kuni povu likawa linachemka na kulia. Bwana Hosea akapaza sauti, "Jamani, jiko la Zefania linatokwa mate! Lina njaa kuliko sisi!" Watu walicheka mpaka watoto waliokuwa mbali wakaja mbio kuona.

Ndipo ukaitazama ile ncha inayotoa povu. Ukaigusa kwa kidole. Ukajua. Mtu aliyesema "chagua wewe" hawezi kugeuka na kusema nimeachiwa kibaya, kwetu hiyo ni aibu kuliko kushindwa. Wewe usingeweza kusema. Lakini mwandishi angeweza. Ukainua kichwa, ukanitazama mimi.

Ulinitazama muda wa kutosha.

Mimi niliangalia penseli.

Reli ikagongwa. Bwana Hosea alichota harage moja kwenye sufuria yako, akaliuma mbele ya watu, akashika shavu. "Haya ya Zefania yanahitaji fundi wa meno!" Halafu akauliza kwa sauti ya kikao, "Kuna malalamiko?" Ukanyamaza. Akanigeukia, "Karani wetu, uzito wa kuni ulikuwa sawa?"

Nikasema, "Ulikuwa sawa."

Neno la kweli, dogo kuliko yote. Sijapata kusema neno baya kuliko hilo maishani mwangu.

Watu walipoanza kusukumana kwa kicheko, mtu alilisukuma jiko lako kwa mguu likavunjika. Uliokota vipande, ukavitia kwenye karai, ukatembea nami mpaka nyumbani. Kwenye mlango ndipo ukasema, "Yaishe." Kesho yake uliniamsha kwa kuniita, "Nakiete." Si mama. Nakiete. Mwaka mzima sasa unaniita kama mwalimu anavyoita mahudhurio.

Sikulaumu. Nilikuwa nastahili. Lakini yule mwanamume alistahili zaidi, na yeye watu wote wanamwita mheshimiwa.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Siku ile Bwana Hosea alitaka kuonyesha kwamba yeye ni mtu wa taratibu. Akaagiza kuni zilizobaki zipimwe. Za Elia zilibaki kilo tatu. Zako zilibaki kilo nne, kwa sababu zilikataa kuungua. Akazifunga tena kwa katani, akaandika uzito kwenye vipande viwili vya karatasi nene, akatia sahihi yake ile ndefu yenye mkia, akavifunga juu ya mafungu. "Ili mtu asije akasema," alisema. Watu walipotawanyika akaniambia, "Mtoto, hizo kapikie chai."

Sikupikia chai. Mwanzoni haikuwa akili, ilikuwa kinyongo tu. Sikutaka kitu chake kitupashe moto. Jioni nikazirudia ghalani, nikazipandisha darini juu ya meko yetu, nyuma ya mahindi ya mbegu, nikarudi shuleni. Ziko juu ya kichwa chako kila unapokula. Uliwahi kuuliza mbona panya wamehamia upande wa mlango.

Likizo iliyofuata nilimweleza mkeo yote, hata habari ya viganja. Nilitegemea kofi. Alimaliza kumenya ndizi, halafu akasema, "Basi kampelekee huyo mizani ileile aliyotuibia kwayo."

"Mama, mimi siwezi kusema mbele za watu."

"Nani amekuambia useme? Wewe pima."

Tukapima, siku ulizokuwa shamba la kijiji. Nililijenga jiko la bibi upya nyuma ya banda la mbuzi, kwa mikono yangu, kwa yale niliyokuona ukifanya. La kwanza lilipasuka. La pili likasimama. Tukaazima jiko la bati kwa jirani. Tulichukua gogo moja, tukalipasua katikati, nusu huku nusu huku, likakauka pamoja siku zilezile jua lilelile. Sufuria zilikuwa za kipimo kimoja, tukizibadilisha kila mara. Mkeo alikaa na bati, mimi nikakaa na udongo. Tulifanya hivyo mara tano. Mara tano la bati lilimaliza kuni zake likaomba nyingine, na langu likabakiza karibu nusu. Mara ya tano mkeo aliegemea ukuta wa jiko la udongo, makande yanatokota, na ukuta hata haukumchoma mgongo. Akaanza kulia. "Mwaka mzima," alisema, "mwaka mzima wanawake wa kijiji hiki wanabeba kuni za kumpikia shemeji yake."

Kisha akafuta macho kwa kanga. "Usimwambie baba yako. Atasema yaishe."

Basi Jumatatu wiki hii niliyashusha yale mafungu mawili, karatasi zikiwa bado juu yake, nikayapeleka ghalani kwa Mzee Mbonea. Nilimwamkia, nikamwomba ayapime. Alivaa miwani yake ya kamba. Akaangalia sahihi. Akalipima la Elia, na lilikuwa kilo tatu kasoro kidogo. Akalipima lako.

Kilo mbili na robo.

Alilipima tena. Akaligongagonga, likalia kama kengele. Mzee yule aliyepima kuni zilezile mbele ya kijiji kizima alikaa chini juu ya gunia.

"Mjukuu," alisema, "karatasi inasema nne."

"Ndiyo, babu."

"Na hizi zimekwenda wapi?"

"Hewani, babu. Yalikuwa maji."

Akasema, "Kwa hiyo siku ile mimi nilimpimia baba yako maji. Kwa mizani yangu." Akaniomba daftari, akaandika uzito mpya mwenyewe, akatia sahihi, na juu yake dole gumba.

Sijamaliza. Tamu iko mbele.

Jumatano Bwana Hosea akanitumia ujumbe niende ofisini. Nilidhani amesikia. Nilimkuta anapanga karatasi, amefurahi sana. Kumbe Jumamosi, yaani kesho, mgeni kutoka mkoani anakuja kuona majiko ya bati, na akiridhika, Bwana Hosea atapandishwa cheo, na Elia atapewa kazi ya vijiji vingine vyote.

"Nakiete," alisema, "wewe ndiye uliyeandika siku ya jaribio. Nataka usome taarifa yako mbele ya mgeni. Mtoto wa mkulima, msichana, mwanafunzi. Itapendeza."

Nikasema, "Nisome yote, mheshimiwa?"

"Yote, mwanangu, usiruke hata mstari."

"Na uzito wa kuni zilizobaki?"

"Hasa huo! Mgeni anapenda hesabu." Akacheka. "Baba yako bado ananuna?"

Nikasema, "Baba anasafiri." Akasema ni vizuri, mtu akishindwa abadilishe hewa.

Nilitoka nje nikashika ukuta. Mwanangu, nilikuwa na furaha. Wanasema kisasi humla mwenye nacho. Mimi hakijanila. Kimenilisha mwaka mzima, kimenifundisha kujenga jiko lisilopasuka, kimenifanya nishike mizani mpaka ikatulia. Sitaki kumchapa. Sitaki jiko lake livunjwe kwa mguu. Nataka asimame pale aliposimama akiuma harage, mchana kama ule, watu walewale, na asikie sahihi yake mwenyewe ikisomwa. Nataka atafute neno dogo la kujifichia asilipate, maana mimi nayajua yote madogo, nimeshayatumia. Nataka wanawake wamtazame na kuhesabu safari zao. Nami nitasoma polepole.

Najua anaweza kuniharibia. Anaweza kuandika kwa mkuu wa shule kwamba mimi ni binti mkorofi, anaweza kusema nyumba yetu inapinga maendeleo, na neno hilo siku hizi halifutiki kwa maji. Nimelifikiria. Nimelifikiria kama hesabu, na kila nikijumlisha napata jibu lilelile. Nilinyamaza mara mbili nikabaki salama mara zote mbili, na huo usalama ndio ulionifanya nipoteze mtoto.

Na wewe pia nina neno nawe. Usikasirike, ni mama anasema. Unasema unafuata kazi Korogwe. Hufuati kazi. Unakimbia kicheko, na unatuachia sisi tuishi nacho. Ulimpa Elia fungu kavu kwa adabu, ukampa Bwana Hosea ushindi kwa adabu, sasa unataka kumpa na kijiji. Bibi Nakiete alijenga jiko lisilo mkarimu. Kwa nini mwanawe akawa mkarimu kwa watu wa namna hii? Hilo nalo ni kosa langu kama mama yako, sikukuambia mapema.

Sikuzuii. Mama hamshiki mwanaume mzima mkono. Basi linapita barabara kuu saa mbili, mkutano ni saa nne. Kuna jingine la jioni. Barua hii nimeiweka juu ya shati lako la safari, si chini yake, ili uione kabla hujavaa. Ukiamua kwenda na la asubuhi, nenda na baraka zangu zote, nami nitasoma bila wewe. Nitasoma hata sauti ikitoka kama ya panya.

Lakini ukibaki, nina ombi moja. Sauti yangu itakwama, ninajijua. Nitaitwa jina, nitasimama, nitafungua daftari, na hakuna kitu kitakachotoka. Watu wataanza kucheka. Wewe usije mbele wala usinitetee kwa lolote. Vua kofia tu pale ulipo, mbele yao wote, uniamkie kama zamani. Nitaitikia kwa sauti ambayo hata Stella angeisikia, marahaba mwanangu, kisha nitaanza kusoma na sitaruka hata mstari.

Bwana Hosea atakuwa kiti cha mbele kabisa, karibu na mizani. Aliniomba nipange viti, na hicho nimempangia mimi mwenyewe.

Mama yako,
Nakiete